Kadi Zilizobaki kwenye Spoki

Jumatatu, 5 Februari 1996
Kadi sitini na mbili leo. Vidole vimejaa wino. Kitabu cha makampuni ni cha kuazima, mchungaji anakitaka Jumamosi. Na kimepangwa kwa alfabeti! Mkulima wa Isingiro ana shida gani na herufi? Kikundi chetu cha wakulima kinataka mnunuzi wa kahawa mwenye ghala huku Kagera, na anayeuza nje ya nchi mwenyewe. Basi. Sampuli tunazo tatu tu, zimechambuliwa punje kwa punje.

Jumatano, 7 Februari
Nimemaliza. Kila kampuni kadi yake, kila kadi matundu mawili ukingoni. La kushoto: ghala Kagera. La kulia: nje ya nchi. Penye "ndiyo" nakata kwa mkasi, tundu linakuwa pengo. Ukipitisha spoki ya baiskeli kwenye matundu na kutikisa, zenye pengo zinaanguka, nyingine zinaning'inia. Nilijifunza kwenye semina ya walimu, kabla sijastaafu. Mama Koku, mke wangu, anasema nimerudi utotoni. Kweli. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 10 Februari
Nimetikisa mbele ya kikundi kizima, spoki kwenye matundu ya kushoto, kisha zilizoanguka nikazipitisha kwa ya kulia. Mwishoni zimeanguka mbili. Mbili tu, kati ya mia moja na kumi. Wakapiga makofi hata hivyo. Mzee Kaijage, mwenyekiti wetu, aliziokota kwa mikono miwili. Barua zimeondoka na sampuli mbili. Ya tatu nimeifungia kabatini.

Ijumaa, 8 Machi
Majibu yote mawili siku moja. Wa kwanza hawasumbukii mzigo mdogo kama wetu. Wa pili wamefunga ghala la Bukoba. Nimekasirika.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya ibada Kaijage alinivuta pembeni. Mnunuzi wa butura amefika kwake mara mbili, anataka kahawa yote ingali mbichi mtini, kwa bei aipendayo yeye. Kikundi tulikianzisha ili tuachane na hayo.
"Mwalimu waitu, nimengoja. Pasaka ikifika kimya, nauza."
Akiuza yeye, wote watauza. Kikundi kwisha. Naogopa.

Jumanne, 19 Machi
Mama Koku alikuwa anamenya ndizi, kadi ziko mezani. Akasoma moja: ghala Kayanga, wanauza Kampala.
"Baba Koku, hii mbona hukuikata kulia?"
Nikamwambia hao wanaishia Kampala tu.
"Kwani Kampala ni Tanzania?"
Nikaivuta ile kadi. Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mto, Uganda, pale Murongo ukivuka. Harusi, misiba, mbegu za maharage, vyote tunavuka navyo. Kichwani mwangu nje ya nchi ni kule watu wanakokwenda kwa ndege. Kila kampuni inayoishia Uganda niliiacha bila pengo. Mimi, mwalimu wa jiografia, miaka ishirini na sita! Aibu tupu. Tulicheka mpaka ndizi zikabadilika rangi.
Nimekata upya. Zimeanguka tano. Nimechagua hiyo ya Kayanga, iliyo karibu zaidi. Nimepeleka sampuli ya mwisho mwenyewe, kwa baiskeli.

Jumatano, 3 Aprili
Haikuja barua. Amekuja mtu, mkaguzi wa kampuni ya Kayanga. Akamwamkia Kaijage shikamoo, kisha wakaendelea kwa Kinyambo. Akazunguka mashamba manne, akapasua tunda kwa ukucha, akanusa. Mzigo mdogo haumsumbui. Atanunua yote, mradi tuchume zilizoiva tu na kuzikausha kwenye mikeka, si chini. Kaijage aliacha chai yake nusu, akaenda kumwambia yule wa butura asirudi tena. Nimemsamehe mwandishi wa kitabu. Kujisamehe mwenyewe bado kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Manyunyu asubuhi, halafu jua. Tumechuma kwa Kaijage. Nyekundu peke yake, kijani tunaziacha. Kazi ya polepole, mgongo unauma, lakini nimeipenda. Mama Koku aliimba tenzi za kanisani, sauti ya pili tukaidaka sisi wengine. Kaijage hakuimba. Alikwenda mti kwa mti bila kuketi. Adhuhuri aliniambia, bila kunitazama, kwamba huu ni mwaka wa kwanza tangu aoe kuchuma kahawa ambayo bado ni yake. Nikasogeza kikapu changu karibu na chake, tukaendelea kuchuma.