Mtoto wa Dereva Hali Mnafu

Tumati, 4 Aprili 1982

Mwanangu Nikolausi,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Wewe je?

Binti yako Zita hana homa, lakini jua likizama anapapasa ukuta kama mlevi. Jana alikanyaga moto. Nesi anasema amepungukiwa vitamini A. Unga mweupe unaotuletea unashibisha tumbo tu. Macho yanataka mnafu, majani ya maboga, mayai. Kuku wameisha kwa ugonjwa wa kideri, ng'ombe hawajazaa. Mnafu umejaa nyuma ya nyumba, na wewe ulikataza asiule. Niruhusu, baba.

Mama yako,
Efrazia

Shamba la ngano, Hanang, 19 Aprili 1982

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Mimi sijambo, nashinda kwenye trekta.

Huo mnafu ale nesi mwenyewe. Majani tulikula tulipokuwa maskini, tukashindana na mbuzi. Wenzangu wakipita hapo wamkute binti wa dereva anachuma mboga porini? Mpe chai na maandazi. Ukimlisha majani hata mara moja, namleta huku kwa Scolastica, mwanamke ninayeishi naye, na hutamwona tena.

Mwanao mtiifu,
Nikolausi

Tumati, 13 Juni 1982

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo kwa kusema tu.

Nimekutii. Mama yake Zita tulishamzika, na huyu ndiye peke yake ninayelala naye nyumba hii. Sasa surua imepita hapa kijijini. Watoto wa jirani yetu Hhando, wanaokula mnafu kila siku, wamepona na wanacheza. Zita macho yamekuwa meupe. Nesi ameyafunga kitambaa. Njoo.

Mama yako,
Efrazia

Shamba la ngano, Hanang, 28 Juni 1982

Shikamoo mama,

Natumaini mnaendelea vizuri. Ngano inaiva, ruhusa hakuna. Basi mpe huo mnafu, mpe mwingi, asubuhi na jioni. Scolastica anasema mtoto asiyeona hatamweza, kwa hiyo abaki kwako. Ulitaka kukaa naye, umempata.

Mwanao,
Nikolausi

Tumati, 11 Julai 1982

Nikolausi,

Marahaba.

Mnafu nimempa. Nesi anasema mnafu ungeyalinda macho kama angeula mapema. Yaliyokwisha kuharibika hauyarudishi. Siku zote mnafu ulikuwa nyuma ya nyumba, nami nikauogopa mdomo wako.

Leo asubuhi, Zita akiwa bado usingizini, nesi amemfungua kitambaa, akakikunja, akaondoka. Zita alipoamka alikaa juani. Halafu akaniuliza, "Bibi, nesi atakuja lini kunifungua?"

Nimemwambia kesho. Njoo wewe umjibu hiyo kesho.

Bibi yake Zita