Kurasa Kumi na Ine Nilizoruka

Zaina, mujukuu wangu,

Ni mimi, koko yako. Usicheke maandishi. Mukono huu uliendesha train, mashini ya moshi, mpaka Ubundu miaka makumi mbili, haukuzoea kalamu ya bic. Barua hii ninaandika peke yangu. Rafiki yako Bibiche hakunisaidia hata herufi moja.

Bon. Mabombu yamenyamaza. Bati la jiko iko na matundu, mvua inaingia mu sufuria. Soko imefunguka kidogo: pondu, majani ya muhogo, iko, chumvi hapana. Na wewe uko pale tulikulaza, nyuma ya jiko, kwa sababu waaskari walifunga njia ya makaburi. Mimi, mutu ambaye kila gare, kila stesheni, ilisimama kusikia filimbi yake, sikuweza kukufikisha makaburini. Wala hospitali. Homa ilikukamata siku ya kwanza ya mizinga, na sisi tuko chini ya kitanda.

Sasa sikia. Bibiche na wasichana wa avenue yetu wanakuja kila mchana, wanakata pondu, wanauliza kaye yako ya pili, lile daftari uliloandikia hadithi yako. Ile ya kwanza wanaijua kwa kichwa: Riziki, binti wa ufalme ulio chini ya maporomoko, na mukuki wake unaokunywa moto, na mamba wanaosema. Ile ilikuwa kitabu! Kila ukurasa mutu anakufa. Mimi ndiye nilikusifu wa kwanza, wengine walifuata. Lakini ya pili... Zaina. Jeshi la mamba linangoja ngambo ya mto, na Riziki anakaa kwenye jiwe na yule Kombe, mutoto wa adui, eti maji yapunguke kwanza. Kurasa kumi na ine! Kombe anamutoa mwiba mu kisigino. Anamuchomea samaki. Hajamushika hata mukono! Nilikupigia kelele: "Hii train itafika Ubundu lini?" Ukanijibu: "Koko, si wewe unasema mashini yako ilisimama kila mara kunywa maji? Acha Riziki naye anywe." Sikukubali. Mimi sikubali haraka, unanijua.

Siku ya tatu ukaniomba nikusomee. Nilisoma na kidole, silabi kwa silabi, nyumba inatetemeka. Tulipofika kwenye jiwe, nikageuza zile kurasa zote mara moja, nikaenda kwa vita. Nilifikiri mutu mugonjwa anataka kusikia kushinda. Ukasema, na sauti ndogo: "Koko, umeruka." Nikasema zile ni za polepole, tutazirudia kesho. "Rudia, koko." Nikaendelea na mamba.

Asubuhi hukuamka.

Kaye inaishia pale Riziki anamuelekezea Kombe mukuki, mbele ya majeshi mawili, na mukono wake unakataa. Halafu karatasi nyeupe. Juzi niliwaambia wasichana: mimi niliyepitisha wagoni juu ya madaraja yaliyooza, nitashindwa na kaye? Nikaandika: Riziki akatupa mukuki, Kombe akafa, mamba wakafa, vita ikaisha. Mistari ine. Bibiche akasoma, akaweka kisu chini.

"Koko, wewe hukusoma kurasa za jiwe."

"Nilizisoma!"

"Hukuzisoma. Ungejua kwa nini mukono unakataa."

Mimi! Nikafuta mistari yangu na mate, karatasi ikatoboka. Nisamehe ile tundu. Haizibiki.

Zaina, mama yangu mudogo, kitabu yako sitaimaliza. Siwezi. Ninaandika neno hili mara moja tu, usimuonyeshe mutu: siwezi. Sikuweza na homa, sikuweza na njia, na hii pia siwezi. Karatasi nyeupe zitabaki nyeupe, na wasichana wakilia, walie.

Lakini nimeleta kiti nyuma ya jiko, karibu yako, nikusomee zile kurasa za jiwe. Macho yangu yamechoka, ukurasa mumoja unanimaliza mchana muzima. Hakuna shida. Ninakuahidi sitaruka hata mustari, hata kama hakuna mutu anayekufa humo, hata kama wanaangalia maji tu. Nikikosea silabi, nitarudia. Uliniomba mara moja, na ilitosha.

Pumzika, Zaina. Bibiche amenyamazisha wasichana. Kombe ameinama, anatafuta mwiba.

Ninaanza hapo.

Koko yako