Wifi Amekosa Yai la Njano

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa kwenye familia yenye mambo yake, kila sikukuu mama mkwe anachemsha mayai, anayakata nusu, kiini anakiponda na mayonezi na haradali, ule weupe anauloweka kwenye mabakuli ya rangi halafu anaujaza kiini tena, na kila mtoto wake ana rangi yake tangu utotoni, mume wangu kijani, wifi yangu njano, ukigusa la mwenzio unapigwa kofi la mkono hata kama una mvi, basi sikukuu iliyopita sahani za mayai zikaletwa mezani, za kijani mbili, njano hakuna hata moja, na wifi alikuwa ametoka kugombana na mama, akitaka mama aihame nyumba yake kwa kuwa amezeeka, akazitazama zile sahani akasema, "Kumbe mama umeshanifuta," akabeba mkoba wake akaondoka, mpaka leo hapigi simu, na sikukuu hii amesema haji.

Mshauri, mimi najua kilichotokea. Alipoondoka tulikuwa jikoni tunaosha mabakuli, mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hivi hili bakuli lilikuwa la njano au la kijani?" Nikashtuka, kumbe macho! Akanishika mkono akaniapisha nisiwaambie wanawe, maana wakijua haoni vizuri watamhamisha kama kabati. Siku hizi hata kikombe anakipapasa. Nikisema nimemsaliti mama, nikinyamaza wifi anazidi kuumia na macho yanazidi kwisha, nishike lipi?

Mkaza mwana mwenye kiapo

JIBU

Pole sana, mkaza mwana. Una moyo mzuri na mama mkwe ameuona, ndiyo maana siri alikupa wewe, si wale aliowazaa. Lakini na wewe jamani! Mtu anapapasa kikombe, wewe umekaa unalinda kiapo? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wifi yako simlaumu. Amekua na rangi yake, kaikosa mara tu baada ya ugomvi, nani asingeumia?

Sasa nisikilize. Wiki hii mpeleke mama kwa daktari wa macho. Uliapa kutowaambia wanawe, hukuapa kutompeleka hospitali. Mimi si daktari, ila najua macho ya wazee wengi yakiwahiwa hutibika. Mkitoka huko, mpe simu ampigie bintiye mwenyewe, kwa mdomo wake: "Mwanangu, sikukufuta. Sikuona." Na habari ya kuhama, simama upande wa mama, waambie wanawe asaidiwe hapohapo kwake, jiko lake analijua hata gizani.

Akikataa yote, usimzunguke. Mwambie usoni, "Mama, nitawaambia wanao." Atanuna, tena sana. Mwache anune. Afadhali akununie huku anakuona.