Tuwekeni Mwisho wa Safari

Nyumba Na. 74,
Erlendorf, karibu na Schässburg,
Romania.

6 Mei 2012

Mpendwa mwanangu Gerda,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo Jürgen na mjukuu wangu Lukas. Hamjambo huko? Kile kikohozi cha Lukas kilichowakosesha usingizi wakati wa baridi kimekwisha? Na mgongo wako je? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na wiki hii halikunyamaza hata kidogo. Miplamu imechanua. Kuku wameanza tena kutaga, isipokuwa yule mweusi ambaye nadhani anangoja apelekwe jikoni ndipo ajute.

Barua yako niliipata Jumatano, pamoja na ile karatasi ya safari. Umeniomba nikusaidie kuchagua, maana siku zenu ni sita na makasri na makanisa uliyoyaandika ni mengi. Nilicheka, kwa sababu shangazi anayeulizwa ndiye asiyetembea. Bran nimefika mara moja tu maishani, tulipopelekwa na shamba la ushirika baada ya mavuno, na ninachokumbuka zaidi ni foleni ya chooni.

Haya, nitachagua. Bran ibaki, kwa ajili ya Lukas. Ni mtoto, anataka kuona nyumba ya mnyonya damu, na ukimnyima atanuna njia nzima. Mnunulie yale meno ya plastiki kisha muondoke mapema. Kaka yangu, baba yako, asipande zile ngazi nyembamba, akae chini anywe kahawa. Hunedoara ifute. Ni kasri zuri, nasikia, lakini ni kutwa nzima garini, na miguu ya baba yako huvimba. Ngome ya Rosenau nayo ifute, kile kilima kitamtoa pumzi. Kanisa Jeusi la Kronstadt nendeni, mkakisikilize kinanda. Kanisa la Birthälm nendeni pia, mkaone kile chumba walimofungiwa wanandoa wagomvi, kitanda kimoja na kijiko kimoja, mpaka wapatane. Wewe na Jürgen mnaweza kuingia kwa majaribio.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Chini kabisa ya karatasi umeandika Erlendorf, na mbele yake umeweka alama ya kuuliza. Muda ukibaki, umesema.

Gerda, unakodi gari kutafuta ngome na makanisa, na kwenu vyote viwili vimo ndani ya ukuta mmoja. Ukuta ule hakuujenga mfalme. Waliujenga wazee wako, kwa mikono yao, ili adui akija watu wajifungie na kanisa lao na chakula chao. Ule mnara wa nyama, ambamo kila nyumba ilitundika nyama yake, umeusahau? Kila Jumapili ulimshika babu yako mkono mkaenda kukata kipande cha nyama ya nguruwe kilichopigwa muhuri wa nyumba yetu, na ukirudi mikono yako yote mafuta. Mkataa kwao mtumwa. Nilikasirika, nikaiweka barua chini ya kopo la chumvi, nikatoka kwenda kupalilia vitunguu. Vitunguu kadhaa viling'oka pamoja na magugu, lawama ni zako.

Hasira iliposhuka nikaisoma tena. Umesema unaogopa baba atalia akifika kaburini kwa mama yako. Hilo nimelielewa. Ulikuwa mdogo Sofia alipofariki, na ulikuwa na miaka kumi na miwili mlipofunga mizigo kwenda Ujerumani. Labda wewe ndiye unayeogopa kulia. Lieni tu, mwanangu. Pale kilimani hakuna atakayewashangaa.

Lakini kuna jambo jingine, na wewe hulijui. Baba yako alinikataza kukwambia. Nimelizungusha kichwani siku zote hizi tangu barua yako ifike, chakula hakishuki. Mficha maradhi, kifo humuumbua, basi acha nivunje ahadi kuliko nije kuumbuka mbele yako.

Umeandika kwamba tangu majira ya baridi baba ametulia, hagombi tena na televisheni, na vyombo vyake vya useremala amempa jirani. Unaona ni utulivu wa uzee. Mimi najua ulianza siku gani.

Wewe ulikuwa ukikaa mbele na wasichana, kwa hiyo mambo ya benchi la wanaume hayakukuhusu. Wanaume wetu hukaa kwa umri. Aliye mkubwa kuliko wote hukaa kiti cha kwanza karibu na madhabahu, na anayemfuata kwa umri cha pili, vivyo hivyo mpaka nyuma. Mtu akifa, kengele inalia na wote wanasogea nafasi moja. Mlipohama, karibu Wajerumani wote wa kijiji mkaondoka, na sisi tuliobaki tukaendelea kuwahesabu. Aliye Ujerumani kiti chake hakikaliwi na mtu mpaka kengele yake ilie hapa. Leo wanaume tulio nao ni wawili tu, na benchi refu limejaa watu wasiokuwepo.

Mwezi wa kumi na moja mzee Fabini alifia kwa binti yake huko Nuremberg. Tulimpigia kengele, kisha nikampigia simu baba yako kumpa habari.

"Sasa wa kwanza nani?" akaniuliza.

"Wewe, kaka."

"Agnetha, usinitanie bwana."

"Nikutanie kwa mambo ya kanisani? Martin Konnerth ana miaka sabini na minne na amesogea mpaka kiti cha pili tu. Nilimwambia asogee tena, upepo wa mlango wa pembeni unampiga shingoni. Akanijibu, 'Nisogee vipi na kaka yako Misch hajafa?'"

Hakucheka. Aliniaga tu, akakata. Na mimi mjinga nilidhani nimemfurahisha.

Baada ya Pasaka ndipo aliponipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo unajua halifanyi. Alikuwa amesikia habari za safari.

"Mwambie Gerda aanze na kwenu," akasema.

"Kwa nini aanze na sisi? Njiani mnapita Kronstadt kwanza."

"Kwa sababu mimi safari yangu inaishia hapo. Wao waende wakatazame kuta za watu. Mimi sirudi."

"Kaka, una wazimu? Na Gerda?"

"Gerda ana mume, ana mtoto, ana kazi. Mimi huku nina dirisha tu. Halafu unajua huku kaburi linapangishwa? Miaka ya mkataba ikiisha wanakuondoa, anaingia mwingine. Huku hata maiti ana mwenye nyumba! Sofia yuko pale kilimani peke yake, na mimi niwe mpangaji?"

"Bado hujafa, Misch."

"Ndiyo maana nataka kuja sasa. Nikifa nitakujaje?"

Akaniambia nisikwambie, kwamba utamfungia pasipoti kabatini. Akasema pia kwamba msipomleta, mkifika Schässburg ataomba kwenda msalani na atapanda basi la kuja huku. Mimi namjua kaka yangu tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Atalipanda, na moyo wake ule mgonjwa, na vidonge vyake ameviacha hotelini.

Sasa unaona kwa nini sili. Hata Viorica wa jirani ameona. Nilimweleza nusu ya jambo, akaniangalia juu mpaka chini. "Agnetha, wewe mkate wako mwenyewe unauchovya kwenye maziwa ndipo utafune, leo unataka kumtafunia na kaka?" Ana ulimi, lakini ni kweli. Daktari yuko Schässburg. Theluji ikianguka, basi huja likijisikia. Baba yako akidondoka, mimi siwezi kumwinua, itabidi nimwite Nelu, mume wa Viorica, naye akiwa malishoni nitaita kuku. Naogopa, Gerda. Naogopa aje afie mikononi mwangu na wewe usinisamehe.

Na kuna baya zaidi, nalisema waziwazi ili ushauri wangu uupime vizuri. Ninataka abaki. Tangu mume wangu afariki, nyumba hii kubwa nalala chumba kimoja na vingine vyote nimevifunga. Nilibaki nyuma kwa sababu mama hakutaka kupanda gari, kisha mama akafa, kisha mazoea yakanishika. Sauti ya mtu anayegomba na televisheni ningeipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo usiniamini kupita kiasi.

Hata hivyo umeniomba nichague, nami nimechagua. Usitufute, lakini usianze na sisi kama anavyotaka yeye. Tuwekeni mwisho.

Mkianza na sisi, atakushtukiza mbele ya mtoto. Mtagombana uani kwangu, ama mtamvuta kwa nguvu, ama mtamwacha kwa hasira, na Lukas atayaona makasri yote huku mama yake akilia kiti cha mbele. Mkituweka mwisho, kwanza atatembea na mjukuu wake. Atamshika mkono Kronstadt, atamwonyesha ufunguo mkubwa wa mlango wa kanisa la Birthälm, watalala chumba kimoja na mtoto atamwamsha kwa mateke. Mtakula pamoja kila siku, jambo ambalo umesema hamjalifanya miaka mingi kwa sababu ya zamu zako. Nataka achague akijua anachokiacha. Akichagua bila kukijua, atakaa hapa kwangu akitazama barabara kama anavyotazama dirisha huko.

Siku ya mwisho mje. Mje Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo mchungaji hufika, nasi saba tuliobaki huwa tumevaa vizuri. Nitaoka hanklich, ile keki yetu ya sikukuu, mayai ninayo ya kutosha. Kwanza pandeni kilimani kwa mama yako. Kisha mwache aingie kanisani peke yake, akae mahali pake. Umfuate baadaye, ukae kando yake, na umwulize wewe mwenyewe, baba unataka nini. Usimwulize garini. Mtu aliyefungwa mkanda hatoi jibu la kweli.

Akisema anarudi nawe, nitamfungia nyama na jemu ya plamu, na sitatoa chozi mpaka gari lipite daraja. Akisema anabaki, usimwite mzee aliyechanganyikiwa. Kichwa chake ni kizima kuliko changu. Na usije ukadhani amekuchagulia nafasi ya pili baada ya kaburi. Tangu ukiwa mtoto alikuwa akikulea peke yake, akikusuka nywele vibaya hadi watoto wenzako wakakucheka, na hakuoa tena ili usipate mama wa kukuonea. Kazi hiyo ameimaliza. Hajui tu jinsi ya kukuaga.

Ukikasirika kwamba nimekuficha tangu Pasaka, una haki. Nipigie simu unigombeze, nitasikiliza. Lakini kwa baba yako usiseme kitu mpaka siku hiyo, akijua nimetoboa siri atanitafuna mzima.

Nisalimie Jürgen, umwambie njia ya kuingia kijijini ina mashimo, asije na haraka za barabara zenu. Msalimie kaka yako Erhard, ambaye hajaniandikia tangu anunue nyumba, au labda nyumba haina kalamu. Mbusu Lukas mashavu yote mawili. Viorica na Nelu wanawasalimu, na Martin Konnerth pia. Baba yako mpe salamu zangu za kawaida tu.

Mungu aliyewatoa hapa salama awarudishe salama, awape njia kavu na mioyo laini.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokukasirikia,

Agnetha

Nimesahau kitu. Ijumaa nilimwita fundi wa dohani. Jiko la chumba cha baba yako halikuwahi kuwashwa tangu mlipohama, na kunguru walikuwa wamejenga humo. Tuliwasha moto kidogo kujaribu, moshi ukapanda vizuri. Sikumwambia mtu yeyote sababu. Lakini Martin alikuwa akipita barabarani, akasimama akautazama ule moshi, akaondoka bila kuuliza. Leo ibadani, kabla hajaketi mahali pake, alitoa leso mfukoni akakipangusa vumbi kiti cha kwanza.