Sufuria Karibu na Robinet

Jumanne, 3 Novemba 1992

Baba, mama na Antoine, mdogo wangu, bado wako gare. Wanalala juu ya simenti, wanangoja treni ya kwenda Kasai. Kila mtu anasema inakuja. Baba alizaliwa hapa hapa Lubumbashi! Kasai hajawahi kuikanyaga. Lakini babu yake alitoka huko — basi, inatosha.

Mama ni wa Pweto, mkoa huu huu, angeweza kubaki. Amemfuata mume wake. Mimi nimebaki Makomeno kwa mama mudogo Virginie, mdogo wake mama, kwenye avenyu ile ile. Dirishani naona nyumba yetu. Haina milango. Haina hata mabati.

Masharti ya mama mudogo: "Abigaël, weye uko mutoto ya Pweto. Ukiona kintu ya kwenu kwa bantu, hauijuepo. Macho chini. Aristote akisikia, atatufukuza shee bote."

Aristote ni mtoto wa Mama Mado, jirani wa mbele. Ndiye anayeongoza vijana wanaotoa watu wa asili ya Kasai majumbani. Tumecheza naye. Amekula kwetu.

Ijumaa, 6 Novemba 1992

Macho chini haisaidii kitu.

Leo kasichana kamoja kamepita na gauni la maua ya njano. Nilisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Nilikuwa nimeshakachukia kabla ya kujua kwa nini. Ndipo nikajua: pazia la sebuleni kwetu. Wamelikata, wamelishona upya — na bado nimelitambua.

Somo la mwisho kabla ya chuo kufungwa, Profesa Chola aliinua chaki. Iangalieni, alisema, lakini msione chaki, oneni kitu cheupe tu. Tukakaza macho, tukaishia kucheka. Hakuna aliyeweza. Akasema ubongo hauombi ruhusa. Kitu kikipita mbele ya macho umeshakitambua, na wewe unaletewa habari baadaye, kama bosi asiye na kazi. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Nilifurahi! Mjinga mimi. Sikujua kwamba ni adhabu.

Wiki hii nimeona viti vyetu, pasi yetu, mlango wa choo chetu (sasa ni meza ya kuuzia nyanya). Sitafuti. Naapa sitafuti. Vinanirukia.

Jumapili, 8 Novemba 1992

Papa Adalbert amekufa, mzee wa nyumba ya pembeni, ukuta kwa ukuta na kwa mama mudogo. Matanga ni uani kwake.

Kwa hiyo masufuria. Kwenye avenyu yetu kila nyumba inaleta yake ya kupikia waombolezaji, na chini ya kila moja kuna rangi ya mwenyewe. Mama mudogo bluu, Mama Mado kijani. Sisi tulikuwa nyekundu. Tangu utoto wangu mimi ndiye ninayevipanga vyombo matanga yakiisha, kila nyumba na rundo lake mahali pake. Sigeuzi hata kimoja kuangalia rangi. Akina mama walizoea kunionyesha kwa wageni: "Angalieni ule mutoto! Hata akifunga macho!"

Mama mudogo amesema nisiende. Halafu amesema nisipoenda watauliza. Nitaenda.

Mama Mado amenikumbatia getini. Ananukia sabuni yetu — hapana, sabuni ni sabuni. Ona! Sasa hata pua.

Jumanne, 10 Novemba 1992

Naandika haraka. Nimejifungia chumbani.

Asubuhi matanga yameisha, vyombo vikaoshwa, wakaniita. Nikasema nimechoka. Mama Mado akacheka: "Masomo mingi imemuharibisha! Anaona haya kushika nyungu!" Wote wakacheka. Nikaanza.

Nilikuwa nimekata shauri: nageuza kila sufuria, nasoma rangi kama mtu mwingine yeyote. Bluu, huku. Nyeupe, kule. Ilikuwa inaendelea vizuri. Ndipo Dorcelle, mke wa fundi viatu, akaniuliza kwa tabasamu: "Na bilulu bako, bangali ku gare?"

Wadudu, ndivyo wanavyowaita watu wa Kasai. Mama yangu, Antoine — wadudu! Nilimtazama usoni. Nilitaka kumtemea mate. Nilimtazama tu, na mikono ikaendelea na kazi yenyewe.

Kisha yeye akaangalia chini. Nikashusha macho. Karibu na robinet, bomba la maji la uani, mahali petu, ambapo safari hii hakuna aliyeweka kitu, palikuwa na sufuria moja kubwa. Niliiweka mimi.

Dorcelle akaigeuza. Kijani. Kijani kipya, juu ya mikwaruzo ya rangi iliyokwanguliwa.

"Iko vert. Iko ya Mama Mado. Juu ya nini umeitia kule?"

Ningesema nimekosea. Neno moja tu! Lakini wote wanajua kwamba sikosei. Wao wenyewe ndio waliosema hivyo miaka yote.

Mama Mado hakupiga kelele. Hilo ndilo baya zaidi. "Mimi, mwizi? Ku kilio ya muntu, mbele ya bantu?" Akatoka. Sufuria hakuichukua. Alikwenda kumwita Aristote.

Mama mudogo amenivuta mpaka nyumbani. Anasema nirudi, niichukue kwa mikono yangu mwenyewe, niitie kwa Mado, niseme kichwa kilikuwa kinazunguka. "Unanisikia? Minakuomba, mama." Aliniita mama!

Na ana haki. Ni sufuria. Nikiihamisha, nabaki, namaliza masomo, na yeye anabaki na paa lake. Nawachukia hawa watu kiasi kwamba meno yananiuma — lakini paa ni lake, si langu.

Mvua imeanza. Huko pembeni wanakimbiza vyombo ndani. Ile hakuna aliyeigusa. Matone yanaanguka ndani yake, sauti nzito ya chini, halafu kama kengele, pale ilipobonyea siku Antoine alipoiangusha. Nimeziba masikio. Haisaidii.

Mama mudogo anagonga mlango. "Abi! Aristote iko hapa. Anauliza kintu moja tu: ile nyungu iko ya nani?"

Nimejaribu jibu kwa sauti ndogo kabla ya kufungua, peke yangu humu. Ya Mama Mado. Rahisi. Nimefungua mdomo, na nilichosikia ukisema ni: yetu.

Anagonga tena. Nijaribu mara nyingine: yetu.