Jina la Mto Wako

Apai, baba wa mume wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umetulia huko Bintulu kwa shemeji Selaka, jicho limepona na kitambaa kimeondolewa. Mume wangu Unggat anasema daktari ameshakuruhusu kusoma mwenyewe, ndiyo maana nimeandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Sisi huku hatujambo. Mpunga wa kilimani umechanua, na jogoo wako mwekundu amemtimua tena mbwa wa jirani. Mama mkwe wangu, Indai, naye ni mzima, ingawa hasemi nami. Sababu yake utaikuta humu humu.

Jambo lenyewe ni zito, Apai. Tafadhali lisome ukiwa umekaa.

Unamkumbuka Daktari Siew Hua, yule mama Mchina wa Sibu anayezunguka misituni kuandika buibui warukaji wanaishi wapi, aina hii kilima kile, aina ile mto huu. Ulimcheka sana ulipomwona amekinga mwavuli uliopinduliwa chini ya kichaka, nami napiga matawi kwa fimbo ili buibui waangukie ndani. Ulisema wenzake hujikinga mvua, yeye anakinga buibui. Basi katika safari ile tulimpata mmoja ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kumwona popote. Mdogo kama punje ya mchele, paji la uso la kijani linang'aa, na macho mawili makubwa ya mbele yanakukodolea kama mama mkwe anayekagua sufuria. Siew Hua alilia kwa furaha. Mimi nilidhani ameumwa.

Tulimpata kule juu, kwenye mto wako. Nasema mto wako kwa sababu unajua siwezi kusema vinginevyo. Mto ule una jina la babu wa babu yako, nawe ukarithishwa jina hilo hilo, na mimi ni mke wa mwanao. Tangu nilipoolewa kwenu sijalitoa mdomoni hata kwa bahati mbaya, kwa heshima yako na kwa kuogopa busung, laana ya anayetaja jina la mkwe, tumbo livimbe hadi linizike. Nikienda kuteka maji nasema naenda Batu, mto wa mawe, na kila familia iliyo chini ya paa la nyumba yetu ndefu inanielewa.

Siew Hua hakunielewa. Kifaa chake cha kupimia mahali kilikuwa kimelowa siku hiyo, akaniuliza mto huu unaitwaje, nami bila kufikiri nikamjibu Batu. Akaandika Batu. Na Batu wa kweli unaujua uliko: kule chini ya barabara, ambako pori lilishafyekwa lote, imebaki michikichi ya kampuni tu. Kosa hilo hakuna aliyelijua mpaka juzi.

Juzi kampuni ilikuja ukumbini kwetu pamoja na maofisa wawili wa misitu. Wanataka kufyeka pori lote la juu ya mto wako, na miduriani ya babu yako imo humo. Siew Hua alikuwa amekuja kututetea. Alieleza kwamba huko kuna buibui ambaye hajaonekana kwingine, na kwamba pori likienda naye ameenda. Maofisa wakawa wanaitikia kwa vichwa, nikaanza kupumua. Ndipo akasimama msemaji wa kampuni, Jubang, Mwiban wa kabila letu, wa mto mwingine, shati limenyooshwa pasi hadi linatisha. Akauliza kwa upole buibui huyo alipatikana wapi hasa. Siew Hua akasoma: Batu.

Jubang alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Batu si ndiyo shamba letu! Kumbe mdudu wenu anakula raha kwenye michikichi yetu. Sasa mnalia nini?"

Nilisimama nikasema kuna kosa, siyo Batu ule. Ofisa mkubwa akauliza ni mto gani basi. Mzee Sanggau, kama mkuu wa nyumba, akautaja pale pale kwa jina lake. Jubang akamgeukia, "Mzee, ulikuwepo?" Sanggau akakiri hakuwepo. "Basi kaa, mzee wangu. Aliyekuwepo ndiye aseme." Kisha akanitazama mimi. "Haya, mama. Taja."

Alijua, Apai. Naye ana baba mkwe. Alijua vizuri kabisa ananifanyia nini, na ndiyo maana alitabasamu.

Nilimwambia ofisa ni mto wa baba wa mume wangu. Akasema anataka jina. Nikaunyooshea kidole dirishani. Akasema, bila ubaya, kwamba hawezi kuandika kidole. Jubang akadakia, "Mama amesahau jina, jamani. Andika Batu, twende tukale." Vijana wakamzomea. Nilimtazama Indai, naye akatikisa kichwa polepole kunikataza. Ofisa akafunua kalamu.

Apai, nilikutaja. Nilisema jina lako lote, kwa sauti, mbele ya nyumba nzima.

Mtu aliangusha kikombe cha tuak, pombe yetu ya mchele. Indai aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Hapo hapo tumbo langu likanguruma, nikajua busung ndiyo imeanza, mpaka Unggat aliponinong'oneza kwamba sijala tangu asubuhi.

Asubuhi yake tulipanda wote na mwavuli hadi kwenye mto wako. Nilipiga matawi, na vichaka vya mwanzo havikutoa kitu. Jubang alikuwa ameshaanza kupiga miluzi. Kisha yule wa kijani akaruka kutoka mwavulini na kutua kwenye mkono wa lile shati lake, akamwinulia miguu ya mbele kama anayetaka ngumi. Ofisa alicheka, Siew Hua akapima mahali, na Batu ikafutwa. Pori halitaguswa mpaka uchunguzi uishe. Sasa palipoandikwa anakoishi buibui yule, pameandikwa jina lako.

Unggat anataka kuchinja kuku kunitakasa. Indai anasema hakuna wa kunivua jambo hili ila wewe. Basi nitoze utakacho, kuku au nguruwe, nitatoa bila neno. Lakini usiniulize kama najuta, maana nitakudanganya. Ninaogopa, hilo ni kweli. Ninaogopa zaidi kwamba utarudi na kunipita ukumbini kama mgeni, nami sina baba mwingine.

Barua zako zote huwa Unggat ndiye anayeandika jina lako juu ya bahasha. Safari hii nilimkatalia. Mwandiko ulioukuta pale juu ni wangu. Nilitaka uone kwanza nilichofanya, ili kama huwezi kunistahimili uirudishe bila kuifungua.

Nisalimie Selaka na wanawe. Kama umefika mpaka mstari huu, Apai, basi uliuona mwandiko wangu na hata hivyo ukaifungua.

Mkwe wako,
Rinai