Jina Lililosomwa Getini

Palma, Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, na naomba barua hii ikukute umeamka na nguvu, miguu haijavimba, na dawa za presha unazimeza hata siku unazojisikia vizuri. Cadija, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, nawe nakusalimu. Nadia, mke wa kaka, ana salamu zake peke yake. Muiteni akae karibu, asisikilizie jikoni. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa mengine, maji yamenifika shingoni.

Nimempa Jafar wa pikipiki barua hii, nimemwapisha asisimame popote mpaka mlangoni kwako, maana nimesikia Ijumaa wewe na Nadia mnapanda chapa, gari la abiria, kuja kumngoja kaka Rizuane kwenye geti la kampuni ya gesi. Simu nimepiga mara tatu. Ile namba usiyoijua, inayokatika ukiuliza nani mwenzangu, ni mimi.

Habari nimezipata kwa Rachida, jirani yako. Anasema alikuwa akiuza samaki wakavu karibu na geti siku waliposoma majina ya waliofaulu mtihani wa Kiingereza, akalisikia jina la Rizuane, na la baba na la babu nyuma yake, akakimbia kukuletea habari hata beseni akalisahau. Anasema ulianguka sijida palepale uani. Anasema umeondoa nadhiri yako, mbuzi amechinjwa, watu wa Quionga wamekula na kukupongeza, na Nadia amepaka hina mara ya kwanza tangu vita. Alikuwa akinisimulia huku anacheka kwa furaha, nami natamani ardhi ipasuke.

Rachida msimlaumu. Jina lilisomwa kweli.

Mama, wakumbuka Rizuane alivyokuwa na ule ugonjwa wa kusahihisha watu. Kibao cha kinyozi kilikuwa na kosa, akalirekebisha kwa mkaa, nusura wapigane. Alipopata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Palma, nami nikiziba pancha za baiskeli nje ya ukuta wao, aliapa kunifundisha Kiingereza nitake nisitake. Hata salamu hakuanza nazo. Alianza na maneno yanayofanana, akisema hayo ndiyo yanayowaangusha wengi. Week ni juma, weak ni dhaifu. Brake ni breki, break ni kuvunja. Hole ni shimo, na whole, ambayo ukiitamka ni ileile, ni kitu kizima. Kila siku aliniuliza kondoo na meli, ipi ni sheep na ipi ni ship. Nikikosea napigwa konzi na kusutwa mbele ya wateja wangu. Alisema maneno hayo ni kama mimi na yeye, sura moja, lakini ukimtuma mmoja kazi ya mwenzake umeharibu. Nawe ulikuwa ukimwita yeye, naitika mimi.

Basi mwaka huu pancha hazinilishi tena, na tangazo likatoka kwamba kampuni inataka watu wa stoo, wa kusoma lebo za vifaa, wenye cheti cha darasa la kumi na mbili. Mimi nilikomea la saba. Ndipo nikaja kwako kuomba cheti cha Rizuane, nikasema nataka kuzunguka nacho maofisini nikimtafuta. Ulikitoa chini ya godoro, ukakifuta kwa kanga, ukaniombea dua. Nilikwenda nacho mtihanini, mama. Karatasi ilijaa maneno yanayofanana, ukikosea herufi moja tu umechukua boliti siyo, nikayajibu yote kama niliyesimamiwa na kaka na konzi lake. Juu nikaandika jina lake. Hii ni wiki ya kwanza pale stoo wananiita Rizuane, na naitika.

Cadija, hapa pumzika kidogo. Mpe mama maji. Nadia kama amesimama, akae.

Najua Nadia ataniuliza jambo ambalo wale wa getini hawakuniuliza. Cheti alinipa mama, lakini hakuna anayepokewa bila kitambulisho, yaani bilhete, na bilhete ya Rizuane ilikuwa mfukoni mwake siku ile Palma ilipovamiwa. Niliwaambia tulipotezana sokoni, kwamba labda alipata boti ya kusini, ya mji wa Pemba. Miaka minne mmekuwa mkimuuliza kila mtu anayetoka Pemba. Niliwadanganya. Hatukupotezana.

Alipigwa risasi ya nyonga. Nilimbeba mpaka kwenye mikoko, tukakaa humo siku mbili bila maji, tukinong'ona. Alinikataza kulia, akasema ataniuliza maneno ili tusipotewe na akili. Akawa anauliza, najibu. Asubuhi ya pili, kama saa nne, akaacha kuuliza, nikaanza kuyasema mwenyewe. Nikakosea makusudi. Nikamwambia sheep ni meli, maana nilijua kosa hilo hawezi kuliacha lipite. Nikarudia kwa sauti, simjali tena anayesikia. Hakunisahihisha.

Nilichimba kwa mikono na kipande cha ubao, kwenye mchanga mkavu nyuma ya mikoko. Sikuwa na maji ya kumwosha, nikamtayamamisha kwa mchanga. Sanda yake ni msuli wangu. Nilimlaza kwa ubavu wa kulia, nikamsalia peke yangu. Bilhete niliichukua nikuletee iwe ushahidi. Nikakukuta kitandani, presha imepanda, mkono huinui, na swali lako la kwanza ni yeye. Niliogopa nitazika wawili. Nikasema tumepotezana. Kesho yake nikashindwa kulirudisha neno, na kila mwezi likazidi uzito. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na kweli kimeniumbua.

Nadia, shemeji yangu, nimekufanya si mke wala si mjane, na sina uso wa kukuomba radhi. Mambo ya eda muulizeni shehe. Hina hiyo inanichoma mimi kuliko wewe.

Kesho nakwenda kuwaambia wa kampuni mimi ni nani. Wakinifukuza sawa. Wakinipeleka polisi, Jafar anapajua kaburini, nimemwonyesha leo. Lakini wakiniacha, Ijumaa msifike getini. Shukeni kwenye daraja dogo kabla ya kuingia mjini, nitakuwa hapo tangu alfajiri. Njoo na Yasini yako, mama. Ukiwa hutaki kuniona, nitatangulia mbele nikiwa nimekupa mgongo, nikuonyeshe alipolala, niende zangu.

Nisalimie majirani wote. Na wale waliokula mbuzi waambie wasione haya, walikula hitima ya Rizuane bila kujua. Ilikuwa haijasomwa hata moja.

Nakuombea subira, nami niombee.

Ni mimi mwanao wa kiume uliyebaki naye,
Sualehe